Farasi ana bima, saisi je? Kuielewa bima ya ajali binafsi kwa wanaofanya kazi na farasi

Waulize watu wanne wa banda moja la farasi ni nani atakayelipa siku mmoja wao akipigwa teke na kuvunjika mguu, na huenda ukaondoka na majibu manne. Saisi, yaani mtunza farasi, atasema mwajiri. Mkufunzi atasema SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya. Joki, yaani mpanda farasi wa mbio, atasema kuna bima ya mashindano. Mwenye farasi atakwambia, bila wasiwasi wowote, kwamba farasi wake wote wamekatiwa bima. Hapo ndipo mambo yanapovurugika, maana anachosema ni kweli tupu na hakihusiani hata kidogo na mguu wa saisi.

Kazi hizi si chache kama wengi wanavyodhani. Kuna mbio za farasi kwenye uwanja wa Ngong Road, Nairobi. Kuna polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ukiwa juu ya farasi, Nairobi na Gilgil, shule za kupanda farasi mitaa ya Karen, na kambi zinazowatembeza watalii kwa farasi Laikipia, Maasai Mara na upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Kuna vijana wa fuo za Mombasa wanaokodisha farasi na ngamia kwa wageni wanaotaka picha. Na mwenye punda wa Lamu au mkokoteni wa punda bara asikunje uso akadhani hayamhusu, kwani karibu yote yatakayosemwa hapa yanamgusa naye.

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na akifungua mbio hufikia karibu kilomita 60 kwa saa. Watu huogopa kuanguka, na kuanguka ni hatari kweli. Ila saisi hutumia muda mwingi zaidi akiwa chini kuliko akiwa mgongoni: anapiga brashi, anainua kwato, anaingiza lijamu mdomoni, anamwongoza mnyama kupita kwenye lango jembamba. Huko ndiko kwenye mateke, kukanyagwa, kubanwa ukutani, na kamba inayojiviringisha kidoleni mnyama anaposhtuka. Mkataba wa bima unaozungumzia "mpanda farasi" peke yake unaweza kumwacha nje yule anayeshinda naye kutwa nzima.

Maneno ya kuanzia

Bima ya ajali binafsi ni mkataba ambao kampuni inakubali kulipa kiasi kilichopangwa mapema iwapo mtu aliyetajwa ataumia au kufa kwa ajali. Kila kipande cha sentensi hiyo kina uzito wake.

"Mtu aliyetajwa" maana yake jina lako, au kundi la wafanyakazi ambalo umo ndani yake. Mwajiri anaweza kukata bima moja ya kundi zima, na wewe ukawa umo bila kuwahi kuuona mkataba. Unaweza pia kuwa humo, ukadhani umo. Njia ya kujua ni moja: kuiona orodha.

"Kiasi kilichopangwa" ndicho kinachoitofautisha bima hii na nyingine nyingi. Bima ya nyumba hulipa hasara ilivyotokea. Hii ya ajali binafsi haijaribu kupima thamani ya mkono wako, kwa sababu haipimiki. Inasema tu kwamba tulikubaliana shilingi milioni moja, na kupoteza kiungo fulani ni asilimia fulani ya milioni hiyo. Mkataba huwa na jedwali linalotaja viungo na asilimia zake. Kifo na ulemavu kamili wa kudumu kwa kawaida hulipwa kiasi chote. Ulemavu wa sehemu hulipwa asilimia yake. Kisha kuna malipo ya kila wiki kwa muda usioweza kufanya kazi, yenye kikomo cha idadi ya wiki, na fungu la matibabu ambalo nalo lina kikomo chake. Mikataba mingine huongeza gharama za mazishi.

Pesa anazotoa mkata bima ili mkataba uendelee kuwa hai huitwa ada ya bima, au premiamu. Ada isipolipwa kwa wakati, mkataba hufa, na hauwezi kufufuliwa ili kulipia ajali ya jana.

Limebaki neno "ajali", na hili ndilo linalozua kesi nyingi. Katika mkataba, ajali ni jambo la ghafla, lisilotarajiwa, lililotoka nje ya mwili, linaloweza kutajiwa siku na mahali. Teke ni ajali. Kuanguka ni ajali. Maumivu ya mgongo ya mtu aliyezoa samadi na kubeba marobota ya nyasi kwa miaka 15 si ajali kwa maana hii, hata kama kazi ndiyo iliyoyaleta, kwa sababu hakuna saa unayoweza kuionyesha ukasema ni hapa. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha farasi, na huingia mwilini kupitia jeraha. Mikataba mingi hulihesabu ambukizo lililopitia jeraha la ajali kuwa sehemu ya ajali hiyo, ila ugonjwa uliokuja bila jeraha haumo. Ndiyo maana mkwaruzo wa msumari wa banda unastahili kuandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo, hata kama damu ilikatika kwa dakika mbili. (Na chanjo ya pepopunda ni bei rahisi kuliko ada ya bima yoyote ninayoijua.)

Ni bima ipi inamlipa nani

Anayepanda bodaboda anaijua habari hii tayari. Pikipiki yenye bima ya "third party" ikigonga mtu, aliyegongwa ana mahali pa kudai. Dereva aliyevunjika mkono katika ajali ileile hana, kwa sababu bima ile haikukatwa kwa ajili yake. Stika ipo, bima ni halali, na yeye analipa hospitali kutoka mfukoni. Kwenye banda la farasi hali ni hiyohiyo, ila bima ni nyingi zaidi, na hivyo nafasi ya kuchanganyikiwa ni kubwa zaidi.

Bima ya farasi humlipa mwenye farasi mnyama akifa, akiibwa, au akihitaji upasuaji, kulingana na alichonunua. Saisi hayumo. Bima ya dhima kwa umma hulipa pale shughuli yako inapomdhuru mtu mwingine: mtalii ameanguka ufuoni, mtoto wa shule ya kupanda farasi ametupwa, farasi ametoroka akaingia barabarani akagonga gari. Kijana wa ufuoni akikata bima hii amefanya jambo la maana sana, lakini yeye mwenyewe akikanyagwa mguu haitampa hata senti. Nimesikia watu wakiiita hii "bima ya ajali" kwa nia njema kabisa, na sioni jina linalopotosha zaidi ya hilo.

Bima ya afya ni nyingine. Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kazi yake ni kutibu. Ukivunjika nyonga, inachangia gharama za hospitali kwa viwango vyake. Haikulipi mshahara wa miezi mitano utakayokaa nyumbani, wala haikupi kitu kwa sababu goti halitakunjika tena. Ukisikia mtu akisema "nina SHA, sihitaji nyingine", ujue anazungumzia bili ya hospitali na amesahau kodi ya nyumba.

Halafu kuna fidia ya kazini, ambayo ndiyo nguzo ya yote kwa mtu aliyeajiriwa, na ambayo inastahili kukaliwa kitako.

WIBA: haki ambayo saisi anayo hata asipoinunua

Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi chake cha WIBA, inamtaka kila mwajiri akate bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi hachangii. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hii haiulizi kosa ni la nani. Ukiumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, unastahili fidia, hata kama ulisahau kumfunga farasi vizuri. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haukunyimi ikiwa matokeo ni ulemavu mkubwa au kifo. Ile hofu ya "nikisema nilizembea sitalipwa" imewafanya watu wengi wanyamaze bila sababu.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Asiyeweza kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi hupata malipo yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kutoka mapato ya miezi 96, yaani miaka minane, yakizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Kifo ni mapato ya miezi 96 kwa wategemezi. Gharama za matibabu ni za mwajiri.

Chukua saisi anayelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,728,000. Daktari akikadiria ulemavu wa asilimia 30, fidia ni shilingi 518,400. Sasa chukua saisi yuleyule ambaye mwajiri wake anaandika shilingi 9,000 kwenye karatasi na kumpa nyingine 9,000 mkononi ili kupunguza makato. Wote wawili hufurahia siku ya mshahara. Siku ya ajali, karatasi ndiyo inayosomwa, na nusu ya fidia inaweza kuyeyuka. Kama unalipwa kwa M-Pesa, taarifa ya miamala ni ushahidi mzuri wa mapato halisi, na haigharimu kitu kuitunza.

Na kibarua je? Anayeitwa Jumamosi tu kusaidia siku ya mbio? Mwajiri akinunua bima ya WIBA huwasilisha orodha ya mishahara, na vibarua mara nyingi husahaulika humo. Kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipia mtu ambaye haikumjua. Lakini hilo ni tatizo kati ya kampuni na mwajiri. Wajibu wa kumfidia mfanyakazi ni wa mwajiri kisheria; bima ni chombo chake cha kuutimiza. Mwajiri asiye na bima bado anadaiwa.

Madai hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Jambo hili lilibishaniwa kwa miaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipolithibitisha Desemba 2019. Anayekwambia ufungue kesi moja kwa moja ili upate zaidi anakupotezea muda, na dai lina kikomo cha miezi 12 tangu siku ya ajali.

Tanzania Bara ilikwenda njia tofauti kidogo. Badala ya kila mwajiri kutafuta kampuni ya bima, wote huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, na hapaswi kuukata mchango huo kwenye mshahara. Saisi wa kambi ya watalii kule West Kilimanjaro anayeumia kazini anadai kwenye mfuko, hata kama mwajiri wake hajawahi kusikia habari ya bima ya ajali binafsi.

Kama fidia ya kazini ipo, basi bima ya ajali binafsi ni ya nini? Ni kwa sababu fidia ya kazini ina mipaka miwili mikubwa. Kwanza, ni ya saa za kazi. Jumapili ukiwa mapumzikoni umepanda farasi wa rafiki, haimo. Ukienda kazini alfajiri kwa bodaboda ukaanguka, haimo pia. Sheria ya Kenya inahesabu safari hiyo kuwa kazi pale tu chombo kilipotolewa na mwajiri kwa ajili ya kusafirisha wafanyakazi. Bima ya ajali binafsi kwa kawaida hufanya kazi saa 24. Pili, fidia ya kazini ni ya mwajiriwa. Na katika ulimwengu wa farasi, wengi si waajiriwa.

Joki na wengine wasio na mwajiri

Joki anayepanda farasi wa wamiliki mbalimbali, akilipwa ada kwa kila mbio na fungu la zawadi akishinda, mara nyingi ni mtu aliyejiajiri. Vivyo hivyo fundi wa kwato anayezunguka mabanda na vifaa vyake, mwalimu wa kupanda farasi anayelipwa kwa saa, na kijana wa ufuoni mwenye farasi wake mmoja. Kisheria hakuna wanayeweza kumdai fidia ya kazini, maana mwajiri wao ni wao wenyewe. Kwao bima ya ajali binafsi ndiyo kila kitu.

Hili si tatizo la Afrika Mashariki pekee, na kisa kinacholionyesha vizuri zaidi kilitokea Marekani. Julai 2004, joki Gary Birzer alianguka kwenye mbio za Mountaineer Park, jimbo la West Virginia, akapooza. Kama wenzake wengi, aliamini kwamba chama cha majoki kilikuwa na bima ya majeraha makubwa yenye kikomo cha dola milioni moja. Ilikuwapo zamani. Chama kilikuwa kimeiacha iishe mwaka 2002. Kilichobaki ni bima ya uwanja, dola 100,000, na gharama za mtu aliyepooza huipita hiyo kwa mbali sana. Novemba mwaka huohuo, majoki 14 walifungiwa nje ya uwanja maarufu wa Churchill Downs kwa msimu uliobaki baada ya mgomo uliohusu bima hiyohiyo. Mwaka uliofuata suala lilifika kwenye vikao vya Bunge la Marekani.

Kinachonishangaza kwenye kisa hiki ni kwamba hakuna aliyewalazimisha majoki kuwa bila bima. Walikuwa na chama, walilipa michango, walipanda kila siku wakiamini wamefunikwa. Wengi hawakujua kwamba mkataba ule ulikuwa umekwisha. New York kwa upande wake ilikwishatafuta dawa tangu 1990: mfuko maalumu unaochangiwa na wamiliki na wakufunzi, ambao unamhesabu joki kama mwajiriwa kwa ajili ya fidia tu, hata kama amejiajiri katika mambo mengine yote. Uingereza ina mfuko wa hisani wa majoki waliojeruhiwa, ulioanzishwa 1964 baada ya majoki wawili kupooza katika kipindi cha miezi michache. Mfuko huo umesaidia wengi, ila hisani husaidia kadiri ya huruma na uwezo wake. Haidaiwi kwa mkataba. Harambee zetu za hospitali ni ndugu wa mfuko ule.

Ukurasa ambao hausomwi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Mikataba mingi ya kawaida ya ajali binafsi ina orodha ya mambo yasiyolipwa. Utakuta kujiua, vita, ulevi, na hayo hayashangazi mtu. Endelea kusoma. Mara nyingi utakuta pia: mbio za aina yoyote, polo, kuruka viunzi kwa farasi, uwindaji, michezo ya kulipwa. Nyingine hutaja na kuendesha pikipiki.

Maana yake ni kwamba joki anaweza kuingia benki, akapewa bima ya ajali binafsi kwa ada ndogo ya kuvutia, akailipia miaka mitano mfululizo, na mkataba huo ukawa unamlinda dhidi ya kila kitu isipokuwa kazi yake. Kampuni haikumdanganya. Ilitengeneza bidhaa kwa ajili ya makarani na walimu, akainunua mtu wa farasi.

Dawa ni kuisema kazi yako waziwazi wakati wa kununua. Kampuni hupanga kazi kwa madaraja ya hatari: mtu wa ofisini daraja la chini, fundi wa mikono juu yake, na wanaoshughulika na wanyama wakubwa au kasi juu zaidi. Daraja likipanda, ada hupanda. Kipengele cha mbio au polo kinaweza kuondolewa kwa ada ya ziada, na kuondolewa huko lazima kuandikwe kwenye mkataba wenyewe au kwenye nyongeza yake iliyosainiwa. Neno la wakala kwenye simu, "usijali, iko sawa", halimo kwenye mkataba. Baadhi ya watu hushawishika kuandika "mfanyakazi wa shamba" au "mfanyabiashara" ili ada ishuke. Ni akiba mbaya. Bima husimama juu ya ukweli wa fomu ile, na kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba "mfanyabiashara" aliumia akimfundisha farasi mchanga kuvaa tandiko, ina sababu halali ya kukataa dai lote.

Vipo pia vipengele vya masharti, hasa kofia ngumu. Ikiwa mkataba unasema kofia lazima ivaliwe wakati wa kupanda, basi picha ya simu iliyopigwa na rafiki siku ya ajali, kichwa wazi, inaweza kuwa ghali mno.

Wanaokwenda Ghuba

Vijana wa Afrika Mashariki huajiriwa mabanda ya farasi katika nchi za Ghuba, na huko suala la kwanza ni jina la kazi kwenye viza. Chukua Saudi Arabia. Mwajiri hulipa asilimia 2 ya mshahara kwenye mfuko wa bima ya jamii kwa ajili ya hatari za kazini, hata kama mfanyakazi ni mgeni. Lakini wafanyakazi wa ndani hawamo kwenye mpango huo. Saisi aliyeajiriwa na kampuni ya mbio na saisi aliyeingia kwa viza ya mtumishi wa nyumbani wa tajiri mwenye farasi wanafanya kazi ileile, na wana ulinzi tofauti kabisa. Wa pili ana sababu nzuri ya kutafuta bima yake kabla ya kupanda ndege, na ahakikishe inafanya kazi nje ya nchi, maana nyingine huishia mpakani.

Kulipwa mara mbili, na kulipwa lini

Swali linalorudi kila mara: nikilipwa WIBA, bima yangu ya ajali binafsi itakataa? Kwa kifo na ulemavu, hapana, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Kwa kuwa bima hii hulipa kiasi kilichopangwa na si hasara iliyopimwa, saisi wetu mwenye ulemavu wa asilimia 30 anaweza kupokea shilingi 518,400 za WIBA na, kama alikuwa na bima binafsi ya milioni moja inayotoa asilimia hiyohiyo, shilingi 300,000 nyingine. Asilimia za majedwali mawili zinaweza kutofautiana, kwa hiyo usishtuke daktari akitaja moja na kampuni ikasoma nyingine. Matibabu ni habari nyingine: bili moja hulipwa mara moja. Risiti iliyokwisha kulipwa na mwajiri haipelekwi kwa kampuni ya pili.

Dai hujengwa siku ya ajali, si siku ya kujaza fomu. Mwambie mwajiri mara moja, na iandikwe. Daktari wa kwanza aandike kilichotokea, "amepigwa teke na farasi kazini", si "maumivu ya mguu" tu, kwani karatasi ile ya kwanza ndiyo kampuni huirudia kila panapotokea shaka. Majina ya walioona. Tarehe. Mkataba wa ajali binafsi huweka muda wake wa kutoa taarifa, na muda huo unaweza kuwa mfupi kuliko ule wa sheria. Ulemavu wa kudumu haukadiriwi haraka. Daktari husubiri mpaka jeraha lifike mahali ambapo halitabadilika tena, na hilo linaweza kuchukua miezi. Kuchelewa huko si njama. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu iliyoandikwa, Kenya kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na Tanzania kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima huko, na zote hupokea malalamiko ya mtu wa kawaida bila wakili.

Kuna nafasi moja kwenye fomu ambayo huachwa tupu mara nyingi kuliko zote: jina la atakayelipwa mwenye bima akifa. WIBA huwatambua wategemezi kwa mujibu wa sheria, hata usipowataja. Bima ya ajali binafsi isiyo na jina hulipa kwenye mirathi, na mjane anaweza kungoja mahakama miezi mingi kabla ya kugusa pesa zilizokusudiwa karo na chakula. Aliyemwandika mama yake alipokuwa kapera, kisha akaoa na kupata watoto, arudi kwa kampuni akabadilishe. Fomu ya kubadilisha ni ya ukurasa mmoja, na mtoto aliye chini ya miaka 18 huandikiwa mtu mzima wa kumpokelea.